Rivolva ya Shabaha Iliyotumika: Bisibisi Huiua Kabla ya Risasi

Rivolva ya shabaha, yaani bastola ya silinda inayozunguka iliyotengenezwa kwa ajili ya kulenga, ni nadra kufa kwa kupigwa. Silaha iliyoundwa kutoboa karatasi kwa mita 25 au yadi 50 hulishwa risasi za nguvu ndogo tangu siku ya kwanza, hupanguswa baada ya kila zoezi, na haijui mvua wala jasho la kiunoni. Ndiyo maana leo unaweza kushika K-38, rivolva ya shabaha ya kampuni ya Marekani ya Smith & Wesson, ya miaka ya 1950 iliyokwishapiga maelfu ya risasi, na silinda yake bado inafunga kimya bila kucheza. Ukikuta moja imeharibika, usikimbilie kuilaumu baruti. Tazama kwanza vichwa vya skrubu. Mara nyingi aliyeimaliza ni mtu aliyetaka kifyatulio kiwe chepesi kuliko kilivyotoka kiwandani, akaifungua mezani kwake na bisibisi ya redio.

Kibali kinatangulia. Marekani bastola iliyofikisha miaka 50 huhesabiwa silaha ya kumbukumbu, na mkusanyaji mwenye leseni yake maalumu huwa na njia rahisi zaidi ya kuipokea. Uingereza, sheria za 1997 ziliziondoa karibu bastola zote mikononi mwa raia. Kwingine kuna vibali vya klabu, vya idadi, vya kipimo cha risasi, hata vya aina ya kasha la chuma la kuhifadhia. Uliza kwanza, lipa baadaye. Silaha uliyoilipia kabla ya karatasi kukamilika si mali, ni kesi inayosubiri tarehe.

Wingi wa rivolva hizi sokoni una sababu yake. Kwenye mashindano ya bastola ya Marekani mpigaji hupewa dakika 10 kwa risasi 10 za polepole, kisha sekunde 20 kwa risasi 5, kisha sekunde 10 kwa risasi 5. Rivolva inayotaka nyundo ivutwe kwa kidole gumba kabla ya kila risasi hustarehe katika hatua ya kwanza na kutweta katika ya mwisho. Bastola za kujipakia zilipoanza kuaminika, rivolva zikawekwa kando zikiwa bado zina nguvu zao. Ule upana wa kichwa cha nyundo unaouona kwenye nyingi za miaka ile ni jibu la sekunde 10 hizo: kidole gumba kiipate nyundo bila kuitafuta.

Smith & Wesson walitoa K-22 Outdoorsman mwaka 1931. Baada ya vita vya pili ikaja familia ya Masterpiece, yaani K-22, K-32 na K-38, zote kwenye fremu moja na zimesawazishwa uzito ili mpigaji abadili kipimo bila mkono kushtuka. Mwaka 1957 majina yakageuzwa namba: K-22 ikawa Model 17, K-32 ikawa Model 16, K-38 ikawa Model 14. Fungua silinda utaiona namba imegongwa kwenye fremu, pale mkono wa silinda, chuma kinachoibeba silinda inapofunguliwa, unapojikunja kuingia. Ikiwa hakuna namba ya modeli, bunduki ni ya kabla ya hapo. Mstari mdogo na tarakimu inayofuata, kama 14-2, ni mabadiliko ya kiufundi: ile 1 ya kwanza ni uzi wa fimbo ya kuchomolea maganda uliogeuzwa kuelekea kushoto, kwa sababu uzi wa kulia ulikuwa unajifungua wenyewe wakati wa kupiga.

Skrubu nazo husema umri. Za zamani zina 5, yaani 4 za bamba la ubavuni, moja kati yake ikijificha chini ya kibao cha mpini, na 1 mbele ya kinga ya kifyatulio. Ile ya juu ya bamba iliondolewa mnamo 1955, na ile ya kinga mnamo 1961. Mtutu ulizuiwa kwa pini ndogo inayopita kwenye fremu hadi mnamo 1982. Wauzaji hupenda kutaja pini na skrubu kama ubora. Ni alama za umri. Hakuna karatasi ya shabaha iliyowahi kutambua ipi ina skrubu 5.

Colt, kampuni nyingine ya Marekani, wana Officers Model, ukoo unaoanzia 1904, na wa mwisho mzuri kwa mkusanyaji ni Officers Model Match ya 1953. Python yao ilikuja 1955. Manurhin wa Mulhouse, Ufaransa, walitoa MR73 mwaka 1973. Dan Wesson walikuja na mtutu unaobadilishwa kwa ufunguo, na mwanya wa mtutu na silinda anaoupima mwenyewe mwenye bunduki. Hizi zote ni nzuri. Lakini anayeanza anashauriwa kuanza na Smith & Wesson ya fremu ya K, ile ya ukubwa wa kati inayobeba familia ya Masterpiece, kwa sababu vipuri vipo na mafundi wanaoijua bado wapo. Colt za mtambo wa zamani ni tamu, ila fundi anayezijua hasa anazidi kuwa adimu mwaka hadi mwaka.

Unapokwenda kuitazama, mfukoni weka seti ya fila, zile bati nyembamba za kupimia mwanya, kuanzia milimita 0.05 hadi 0.30. Ongeza tochi ndogo, lenzi ya kukuzia, risasi bandia 6 za kipimo husika na kipande cha karatasi nyeupe. Ukiwa na fimbo ya kupimia ulingano wa chemba na mtutu, vizuri zaidi. Omba ruhusa kabla ya kuvuta kifyatulio bila risasi. Kwa rivolva ya kipimo cha .22 usiombe kabisa, kwa sababu nitakayoifikia.

Fungua silinda, tazama chemba zote 6, kisha pitisha kidole kidogo kwenye kila moja. Fanya hivyo hata kama muuzaji amefanya sasa hivi mbele ya macho yako. Ukiirudisha mezani na kuishika tena, fanya tena.

Anza na skrubu kabla ya kitu kingine chochote. Mfereji wa kichwa cha skrubu wa kiwandani una kingo kali, zilizonyooka. Bisibisi ya kawaida ina ncha iliyochongoka kama kabari, hivyo hushika juu tu ya mfereji, huteleza, na kuacha mdomo uliopanuka. Ncha inayofaa imechongwa kwa pande sambamba na hujaza mfereji wote, chini mpaka juu. Skrubu zilizotafunwa hazikuambii nini kimeharibika ndani. Zinakuambia mtu wa namna gani aliingia. Kisha tazama mshono wa bamba la ubavuni. Ukiwa mzima ni kama unywele, na mahali pengine huupati kwa macho bila mwanga wa pembeni. Ukiona ukingo wake una jino au umeinuka, kuna mtu aliung'oa kwa kuchokonoa. Bamba hilo halichokonolewi. Hufunguliwa skrubu zote, rivolva hulazwa mkononi bamba likitazama juu, kisha fremu ya mpini hugongwa kwa mpini wa mbao wa bisibisi, taratibu, hadi bamba linyanyuke lenyewe kwa mtikisiko. Na skrubu hazibadilishani nafasi: ile ya mbele hushika mkono wa silinda na imechongwa kwa ajili ya hapo tu.

Sasa mtambo. Vuta nyundo polepole sana kwa kidole gumba, huku kidole cha mkono wa pili kikiigusa silinda kwa upole, kuichelewesha kidogo tu. Komeo linalotoka chini ya fremu linatakiwa kuingia kwenye tundu lake ubavuni mwa silinda, tik, kabla nyundo haijashika. Rudia kwa chemba zote 6. Ikiwa nyundo inashika na komeo bado halijaingia, kile kidole cha ndani kinachosukuma silinda kimelika au nyota ya maganda imelika. Rivolva ikipigwa polepole namna hiyo, risasi huondoka wakati chemba haijakaa sawa na mtutu, na risasi ya madini laini hunyolewa upande mmoja. Ndipo jirani yako kwenye uwanja anapofuta vipande vya risasi shavuni.

Hapa wengi hukosea kwa Smith & Wesson za zamani. Nyota ya kuchomolea maganda hukaa kwa pini ndogo za kuilinganisha, na chemba zikiwa tupu huwa na mchezo kidogo. Rivolva inaweza kufeli jaribio hili ikiwa tupu na kufaulu chemba zikiwa na risasi bandia, kwa sababu maganda huibana nyota mahali pake. Basi pima mara mbili. Ikifaulu na risasi bandia, usiikatae; itumie hoja hiyo kwenye bei ukipenda.

Kwa Colt jaribio ni jingine. Nyundo ikiwa chini na kifyatulio kikiwa kimevutwa hadi mwisho, kidole cha ndani huendelea kuisukuma silinda dhidi ya komeo, kwa hiyo silinda haitakiwi kutikisika hata kidogo. Smith & Wesson huacha mchezo mdogo wa pembeni kwa makusudi, ili risasi ijipange yenyewe inapoingia mtutuni. Mtu aliyezoea Colt ataikataa Smith & Wesson nzima kabisa kwa mchezo huo, na aliyezoea Smith & Wesson ataipokea Colt iliyokwishachoka. Msukumo huohuo unaoifanya Colt ikaze ndio unaokila kidole chake cha ndani, na ndiyo maana mpangilio wake huanza kuchelewa mapema zaidi. Na usichanganyikiwe: silinda ya Colt huzunguka kuelekea kulia, ya Smith & Wesson kushoto.

Fila sasa. Funga silinda, isukume nyuma kwa kidole, pima mwanya kati ya uso wa silinda na mtutu. Kisha isukume mbele, pima tena. Mathalani ukipata 0.20 nyuma na 0.13 mbele, silinda ina mchezo wa mbele na nyuma wa milimita 0.07, ambao unavumilika. Ukizidi hapo, silinda hupiga fremu kama nyundo kila risasi inapolia na hali huzidi kwa kasi. Dawa yake ni rahisi: pete nyembamba za chuma za milimita 0.05 huwekwa ndani ya silinda, kwenye mhimili wa mkono wake. Mwanya wenyewe, silinda ikiwa nyuma, ukiwa kati ya 0.10 na 0.15 furahi. Kufika 0.20 si neno. Ukipita 0.25 unapoteza mwendo wa risasi na mwale hutoka ubavuni. Chini ya 0.08 nako si sifa, maana silinda ikipata joto na masizi huanza kukwama katikati ya mfululizo.

Fungua silinda, weka karatasi nyeupe nyuma ya mtutu, mulika karatasi, tazama ndani kupitia mdomoni. Unatafuta pete nyeusi, duara la kivuli linalozunguka mtutu wote. Hapo ndipo risasi moja ilikwama na nyingine ikaifuata, mtutu ukavimba. Pitisha kidole nje usawa wa pete hiyo. Wakati mwingine uvimbe unasikika hata kama macho hayauoni. Vishimo vidogo vya kutu vya zamani havizuii shabaha nzuri, ila hukusanya mabaki ya madini ya risasi na kukuongezea kazi ya kusafisha. Mdomo wa mtutu nao ukague kwa lenzi: rivolva husafishwa kutokea mbele, na fimbo iliyokuwa ikisugua upande mmoja kwa miaka huula ukingo kama kamba inavyokula jiwe la kisima.

Koo la mtutu, ile sehemu ya nyuma inayoipokea risasi kutoka silinda, ni la kutazamwa kwa tochi hasa kwenye rivolva za .357, kipimo chenye nguvu kuliko .38, za fremu ya K. Chini yake kabisa, chuma kimekatwa bapa ili kuipa nafasi silinda, na hapo ndipo kinapopasuka iwapo mwenyewe aliilisha risasi kali za greni 125, yaani gramu 8 hivi. Ufa hapo ni mwisho wa mazungumzo isipokuwa unapata bei ya vipuri. K-38 na K-22 hazina historia hiyo. Mkwaruzo wa moto chini ya daraja la juu la fremu, juu ya mwanya, hutisha wageni. Huchimba kidogo kisha hukoma wenyewe.

Zungusha silinda ikiwa wazi na utazame ncha ya fimbo ya maganda. Ikiyumba, imepinda. Na silinda isiyorudi vizuri bila kusukumwa kwa nguvu inasema mtu alizoea kuifunga kwa kuirusha kwa kifundo cha mkono kama kwenye sinema. Mkono wa silinda umepinda.

Kuna jaribio moja la usalama lisilorukwa. Kwa ruhusa, vuta nyundo hadi ishike, kisha isukume mbele kwa kidole gumba kwa nguvu ya wastani bila kugusa kifyatulio. Ikianguka, mdomo wa nyundo, ile ngazi inayoshikwa na kifyatulio, umepigwa tupa. Sehemu hizi kwenye Smith & Wesson za zamani ni ngumu juu tu, kama ganda la yai; ndani ni chuma laini. Aliyepiga tupa ili apate kifyatulio chepesi alifuta ganda lote, na kila mvuto tangu siku ile umeendelea kuulaza mdomo huo. Hakuna marekebisho, ni kubadilisha nyundo na kifyatulio. Kifyatulio cha kiwandani kilicho sawa, nyundo ikiwa imevutwa, huvunjika kati ya kilo 1.1 na 1.6, safi kama njiti ya kioo. Kumbuka kanuni za kimataifa za bastola ya mita 25 zinataka angalau gramu 1000, kwa hiyo anayejisifu kwamba yake ni gramu 700 anakuuzia kasoro.

Kasoro ya pili ya bisibisi iko mbele ya mpini, chini: skrubu ndogo inayoikaza springi kuu. Inatakiwa ikazwe mpaka mwisho, siku zote. Wapo wanaoilegeza nusu mzunguko ili nyundo iwe laini, na fataki, vile viwashio vya kitakoni mwa ganda, zikaanza kugoma. Wapo walioikata ncha. Ukivua vibao vya mpini ukakuta kikombe cha fataki iliyokwisha kimevishwa kwenye ncha ya skrubu hiyo, usicheke: kuna fundi mwerevu aliyekuja baada ya mkataji, akarudisha urefu kwa kitu kisicho na gharama. Skrubu mpya ni kitu cha dakika 2, kwa hiyo jambo hili lisikufukuze. Lililo zito ni chuma cha kuzuia nyundo, kipande kirefu chembamba ndani ya bamba la ubavuni, ambacho wengine hukitoa ili mtambo uwe laini au hukisahau mezani. Bila hicho rivolva iliyodondoka inaweza kulia.

Kabla ya kuitangaza rivolva kuwa mbovu, jua pia kwamba zilitengenezwa K-38 za nyundo-kwanza pekee. Kifyatulio chake hakiivuti nyundo, hata ukikivuta vipi. Mara nyingine huuzwa kwa bei ya mbovu na mtu asiyejua alichoshika, na hizo ndizo asubuhi za furaha za mkusanyaji.

Rangi ina uongo wake. Bluu iliyopakwa upya hujulikana kwa kingo zilizolegea, maandishi yaliyokwangwa yakawa na kina kifupi, na matundu ya skrubu yaliyozama kama sahani kwa sababu gurudumu la polishi lilizamisha midomo yake. Nyundo na kifyatulio cha Smith & Wesson hutoka na madoa ya rangi za tanuri, kahawia na samawati yaliyochanganyika; vikiwa bluu tupu, mtu amezamisha kila kitu pamoja. Nyota iliyogongwa kitakoni karibu na namba inaashiria kwamba bunduki ilirudi kiwandani kushughulikiwa, na hiyo ni afadhali mno kuliko kazi ya uani. Kwa mpigaji, rangi ya pili si dhambi. Kwa mkusanyaji ni sehemu kubwa ya thamani iliyoondoka, na bei inapaswa kuondoka nayo.

Vibao vya mpini visikupite. Kwenye Smith & Wesson za zamani kibao cha kulia huwa na namba ya bunduki upande wa ndani. Almasi ya mbao kuzunguka tundu la skrubu ilikomeshwa 1968, kwa hiyo vibao vyenye almasi kwenye bunduki ya 1975 vimetoka kwingine. Vibao vilivyobuniwa na Walter Roper, mbunifu wa mipini ya wapiga shabaha, vinaweza kushindana bei na bunduki iliyovivaa. Sanduku la awali ni zuri likiwa na namba chini yake inayolingana. Sanduku lisilo na namba ni karatasi ngumu. Kwa historia yenyewe, Smith & Wesson Historical Foundation na kumbukumbu za Colt hutoa barua ya siku bunduki ilipotoka na ilikopelekwa. Omba barua kabla ya kuamini hadithi ya muuzaji, hasa kama hadithi hiyo ina bingwa ndani yake.

Chakula chake sasa, maana rivolva hizi zimekusudiwa kupigwa. Kwa .38 Special hakuna kinachoipita risasi ya kichwa bapa ya greni 148, yaani gramu 9.6 hivi, iliyozamishwa mpaka usawa wa mdomo wa ganda na kutoka kwa mwendo wa mita 215 hadi 230 kwa sekunde. Ule ubapa hukata tundu la duara safi kwenye karatasi, hakuna kubishana kama mstari umeguswa. Kitako chake kina shimo ili sketi ya risasi ipanuke na kuziba mifereji ya mtutu. Sketi hiyo ndiyo sababu ya kutoiongezea baruti: ikisukumwa kwa nguvu inaweza kukatika, kichwa kikaenda na pete ikabaki mtutuni, na risasi inayofuata ndiyo itakayotengeneza ile pete nyeusi tuliyoitafuta kwa tochi. Anayejaza mwenyewe achukue kiasi kwenye jedwali la mtengenezaji wa baruti, na amulike kila ganda kabla ya kuweka risasi, kwa sababu kipimo cha shabaha ni kidogo kiasi kwamba ganda linameza vipimo viwili bila kufurika.

Mifereji ya Smith & Wesson ya .38 huzunguka kulia, mzunguko mmoja kwa inchi 18.75, ya Colt huzunguka kushoto, tena kwa mzunguko wa kasi zaidi. Bunduki mbili kwa hiyo zinaweza kuchukia risasi moja. Jaribu aina 3 au 4 kwa karatasi, risasi 12 kwa kila aina ukiwa umeegemeza mikono, kabla ya kugusa vilengeo. Na vilengeo vyenyewe hufuata mahali unapotaka risasi iende: ikipiga kushoto, sogeza kilengeo cha nyuma kulia. Ikiwa bamba la kilengeo tayari limefika mwisho upande mmoja na bado haipigi katikati, tazama kilengeo cha mbele kwa usawa wa fremu; huenda mtutu umekazwa kupita kiasi au haukufika. Skrubu ya pembeni ya kilengeo ni laini, na ikigoma ipe mafuta ya kupenya na usiku mzima. Ukilazimisha, kichwa kinabaki kwenye bisibisi.

Ukitumia .38 kwenye rivolva ya .357, ganda fupi la milimita 29.3 huacha pete ya masizi ndani ya chemba mbele ya mdomo wake, na ganda refu la milimita 32.8 likija hugonga hapo na kukataa kuingia. Brashi ya shaba huiondoa. Madini ya risasi yaliyobandika mtutuni na kwenye koo hutoka kwa nyuzi za shaba tupu zilizozungushiwa brashi kuukuu. Hakikisha ni shaba kweli kwa kuigusisha sumaku, kwani nyingi zinazouzwa kwa kazi za jikoni ni chuma kilichopakwa rangi. Kwa bunduki ya nikeli, dawa yenye amonia ikae mbali: ikipata ufa mdogo hupita chini na kula shaba, kama ipo chini ya nikeli, na nikeli hubanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu.

Na .22. Pini yake hupiga ukingo wa ganda, kwa hiyo chemba ikiwa tupu pini hupiga ukingo wa chemba. Kila mvuto wa bure hutengeneza kijino kinachoingia ndani ya chemba, na ganda lililopanuka kwa moto halitoki. Ukinunua K-22, tazama ukingo wa juu wa kila chemba, pale pini inapopiga, kwa lenzi, kisha jaribu ganda tupu katika kila moja: liingie kwa uzito wake, litoke kwa kidole. Kijino kidogo hurudishwa kwa kifaa cha kusukumia chenye umbo la chemba, si kwa tupa, kwani tupa huondoa chuma ambacho ganda litakihitaji. Chemba za K-22 zimebana kwa ajili ya shabaha, na nta na masizi ya risasi humaliza nafasi hiyo haraka. Baada ya risasi 60 hivi utaanza kusukuma ganda kwa kidole ili silinda ifunge. Pitisha brashi kavu mara 2 kwenye kila chemba papo hapo uwanjani, usingoje nyumbani. Ukingo wa ganda uliobaki juu ukisuguana na fremu silinda ikizunguka, siku mbaya huwaka.

Mwishoni futa alama za vidole, maana jasho huandika kutu kwa usiku mmoja. Tone moja la mafuta mepesi kwenye mkono wa silinda, jingine kwenye mhimili wa nyundo, kisha kitambaa kilichoguswa mafuta juu ya chuma chote, au nta nyembamba kama haitapigwa muda mrefu. Kasha lenye unyevu wa asilimia 40 hadi 50 linatosha bunduki na mbao zote mbili. Chini ya hapo vibao hupasuka. Mkoba wa ngozi wa awali, kama ulikuja nao, upewe rafu nyingine. Ngozi hunywa unyevu na ina dawa za kiwandani zinazokula bluu, hivyo mkoba hukaa mtupu.